Nusu siku katika maji ya buluu ya Comino

1. Bahari iliyo katikati ya nchi

Kati ya Afrika na Ulaya kuna bahari kubwa. Inaitwa Bahari ya Kati, au Mediteranea, kwa sababu imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Upande wa kusini ziko Misri, Libya, Tunisia, Algeria na Moroko. Upande wa kaskazini ziko Hispania, Ufaransa, Italia, Ugiriki na nchi nyingine. Mlango wake wa magharibi, pale Gibraltar, ni mwembamba: pahali panapobana kabisa, upana wake ni kilometri 14 tu.

Maji ya bahari hiyo yana chumvi nyingi. Mtu akichota litri moja na kuichemsha mpaka maji yote yaishe, atakuta sufuriani chumvi ya gramu 38 hivi. Sivyo ilivyo katika ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa ni matamu, na watu wa Kalemie na Uvira huyapikia. Maji ya bahari hayanywewi kamwe: anayeyanywa huzidi kuona kiu. Lakini chumvi ina faida moja. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu, kwa hiyo hubeba mwili vizuri. Mwogeleaji huelea baharini kwa urahisi kuliko ziwani.

2. Visiwa vya Malta

Katikati ya Bahari ya Kati, kilometri 90 hivi kusini ya Sisilia, kuna nchi ndogo inayoitwa Malta. Ni nchi ya visiwa. Kisiwa kikubwa kinaitwa Malta, cha pili Gozo, na cha tatu, kidogo sana, Comino. Nchi yote ina ukubwa wa kilometri mraba 316 tu, lakini wakaaji wake ni zaidi ya 500,000. Mji mkuu ni Valletta. Malta ilitawaliwa na Waingereza, ikapata uhuru mwaka 1964.

Watu wa Malta wana lugha yao, inayotokana na Kiarabu cha zamani. Kiswahili nacho kimeazima maneno mengi ya Kiarabu. Kwa hiyo mtoto wa Kongo akisikiliza vizuri, atatambua maneno kadhaa. Bahari, wao husema baħar. Kitabu, husema ktieb. Tabibu, husema tabib. Asali, husema għasel. Wakihesabu sita, husema sitta. Watu hawa na watu wa Kongo hawakuishi pamoja hata siku moja, lakini maneno yamesafiri yakafika pande zote mbili.

Waliosoma Matendo ya Mitume wanakijua kisiwa hiki. Karibu na mwaka 60, merikebu iliyomchukua Mtakatifu Paulo kama mfungwa kwenda Roma ilivunjika hapo kwa dhoruba. Watu waliokuwa ndani walikuwa 276. Akida wa askari aliamuru kwamba wanaojua kuogelea wajitupe majini kwanza, na wengine wafuate juu ya mbao na vipande vya merikebu. Wote walifika pwani wazima. Watu wa kisiwa wakawawashia moto na kuwapokea kwa wema. Mpaka leo ghuba moja ya Malta inaitwa kwa jina la Mtakatifu Paulo.

3. Mashua inaondoka

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mtoto mmoja wa Malta na baba yake wanafika kwenye bandari ya Ċirkewwa, kaskazini ya kisiwa kikubwa. Mtoto ana miaka kumi. Alijifunza kuogelea mwaka uliopita, lakini Comino hajafika bado. Katika mfuko wao mna maji ya kunywa, mkate, kofia mbili na taulo. Wakati huo wa mwaka mvua hainyeshi Malta, na jua huunguza tangu asubuhi. Kisiwani miti ni michache na kivuli ni haba, basi asiyechukua kofia na maji atajuta.

Bandarini vyombo ni vingi. Meli kubwa inapakia motokaa kwa safari ya Gozo. Kando yake mashua za wavuvi zinayumbayumba. Zimepakwa rangi ya manjano, nyekundu, kijani na buluu, na mbele ya kila moja yamechorwa macho mawili.

— Baba, mbona mashua zile zina macho?

— Mwanangu, ni desturi ya zamani sana. Wavuvi wa kale walisema kwamba chombo chenye macho huona njia na kurudi nyumbani. Lakini macho ya rangi hayaoni kitu. Anayepaswa kufungua macho ni nahodha.

Mashua yao ni ya motere. Nahodha anasimama mlangoni na kuhesabu abiria mmoja mmoja. Hesabu ya watu ambao mashua inaweza kuchukua imewekwa na serikali, naye haizidishi. Vijana wawili wamechelewa. Wanamwomba awapenyeze hivyo hivyo.

— Tafadhali, mzee, sisi ni wembamba!

— Ngojeni, wanangu, ajibu nahodha. Mashua nyingine inakuja nyuma yangu. Afadhali kungoja kuliko kuzama.

Kamba inafunguliwa. Motere inanguruma. Mashua inaingia katika mlango wa bahari kati ya Malta na Gozo, na Comino inaonekana mbele. Safari haitimizi nusu saa.

4. Kisiwa cha mnara

Kitu cha kwanza kinachoonekana kisiwani ni mnara mkubwa wa mawe, wenye pembe nne, juu ya jabali. Ni Mnara wa Santa Maria. Ulijengwa mwaka 1618, wakati visiwa hivi vilipotawaliwa na mashujaa wa Mtakatifu Yohane. Mkuu wao aliitwa Alof de Wignacourt.

Kwa nini walijenga mnara pahali pasipo mji? Zamani zile wanyang'anyi wa bahari walikuwa wengi. Walishuka pwani, wakakamata watu, wakawauza kuwa watumwa. Mwaka 1551 maadui walishambulia Gozo, wakachukua karibu wakaaji wake wote, maelfu ya watu. Kwa hiyo walinzi waliwekwa Comino ili wachunge mlango wa bahari na kuwaonya watu wa visiwa vyote viwili kabla adui hajafika.

Jina la Comino latokana na jira, zile mbegu ndogo za kunukia ambazo watu hutia katika mchuzi. Zamani jira ilimea huko. Siku hizi wakaaji wa kudumu wanahesabika kwa vidole. Kuna kikanisa kidogo, njia za miguu, mawe, na majani ya kunukia yanayofanana na vichaka vifupi.

Wageni wengine wa Comino huja kwa mabawa. Mbayuwayu huzaa Ulaya wakati wa joto. Baridi ikikaribia, huruka kuja Afrika, na wengi hufika hata Kongo. Katikati ya safari hiyo ndefu kuna bahari, wala ndege hao hawawezi kutua juu ya maji. Visiwa vya Malta ni pahali pao pa kupumzika. Wataalamu wa ndege huwakamata baadhi yao kwa nyavu laini huko Comino, huwafunga pete ndogo mguuni, kisha huwaachilia. Kwa pete hiyo yaweza kujulikana ndege amepita wapi.

5. Kwa nini maji ni ya buluu?

Upande wa magharibi wa Comino kuna kisiwa kingine kidogo sana, kinachoitwa Cominotto. Kati ya visiwa hivyo viwili bahari imefungiwa kama katika bakuli. Mawimbi makubwa hayaingii kwa nguvu, na maji si ya kina kirefu. Pahali kama hapo huitwa laguni. Ile ya Comino inaitwa Laguni ya Buluu.

Mashua inapozunguka jabali, abiria wote wananyamaza. Maji yanang'aa kama kioo. Karibu na pwani ni meupe, mbele kidogo yana rangi ya mbingu, na mbali zaidi ni buluu nzito. Kivuli cha mashua kinaonekana kikitembea juu ya mchanga chini ya maji.

— Baba, nani ametia rangi humu?

Baba anachota maji kwa kiganja cha mkono. Mtoto anatazama. Maji ya mkononi hayana rangi yoyote.

Sababu ni hizi. Mwanga wa jua una rangi zote, kama zinavyoonekana katika upinde wa mvua. Mwanga ukiingia majini, maji humeza kwanza rangi nyekundu. Rangi ya buluu hubaki na kwenda mbali zaidi. Katika laguni, chini kuna mchanga mweupe wa mawe ya chokaa. Mchanga huo huurudisha mwanga juu, kama karatasi nyeupe, na jicho la mtu huona buluu.

Lakini mbona si kila pahali pa bahari panang'aa hivyo? Malta haina mito mikubwa inayoleta matope. Tena, maji ya sehemu hizo yana viumbe vidogo vichache vya kuyafanya mazito na ya kijani. Mto Kongo huchukua udongo na majani ya misitu, kwa hiyo maji yake ni ya rangi ya chai. Kila maji yana rangi yake, na kila rangi ina sababu yake.

6. Sheria za mwogeleaji

Mtoto anataka kuruka majini mara moja. Baba anamshika bega.

— Kwanza tazama, mwanangu. Kisha ingia.

Laguni inaonekana kama imelala, lakini ni bahari. Mwogeleaji mwenye akili hushika sheria hizi:

Haogelei peke yake. Mwenzake humwona, naye humwona mwenzake.

Haruki kichwa mbele pahali asipojua kina. Maji safi hudanganya macho: kina hakionekani kama kilivyo hasa.

Hapiti kamba ya maboya. Ndani ya kamba ni pahali pa watu. Nje ya kamba ni njia ya mashua. Chini ya mashua panga za motere huzunguka, na nahodha haoni kwa urahisi kichwa kidogo majini.

Hashindani na mkondo. Upepo ukivuma kati ya visiwa, maji huvuta. Anayechukuliwa haanzi kupigana na maji mpaka achoke. Huelea, huinua mkono, na kuita.

Huangalia konyeza. Konyeza ni mnyama wa bahari, laini kama uji ulioganda, mwenye nyuzi ndefu. Nyuzi hizo huwasha kama upupu. Aliyeguswa hatoki kujikuna. Husafisha pahali hapo kwa maji ya bahari, wala si kwa maji matamu, na kumwambia mtu mkubwa.

Mtoto amesikia. Anaingia polepole pamoja na baba yake. Maji yanamshika mgongo, naye anaelea akitazama mbingu. Samaki wadogo wanapita karibu na miguu yake.

7. Shamba lililo chini ya maji

Mbele kidogo mtoto anaona madoa meusi chini ya maji. Anafikiri ni uchafu. Sivyo. Ni majani ya bahari yanayoitwa Posidonia. Aina hii haipatikani pengine duniani ila katika Bahari ya Kati. Yana mizizi, maua na matunda kama mimea ya nchi kavu. Majani yake ni membamba kama utepe, na mengine yanafika urefu wa metri moja.

Majani hayo yafanya kazi kubwa. Samaki wadogo hujificha ndani yake mpaka wakue. Mizizi yake hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Mchanga ukitulia, maji hubaki safi. Na maji yakiwa safi, watu husema: Loo, uzuri gani! Basi uzuri wa maji hutegemea yale madoa meusi ambayo wageni wengi hawayapendi.

Lakini mmea huu hukua polepole sana, santimetri chache tu kwa mwaka. Mashua ikitupa nanga juu yake, nanga huchimba kama jembe. Ikivutwa, hung'oa majani pamoja na mizizi. Kitendo cha dakika moja huacha kidonda ambacho hakiponi kwa miaka mingi. Ndiyo sababu pahali pengi pa Bahari ya Kati maboya yamefungwa chini kwa nguvu, mashua zifungwe hapo bila kutupa nanga.

8. Kwa nini nusu siku?

Zamani wavuvi na wachungaji wachache tu waliijua laguni hii. Halafu habari za uzuri wake zikaenea ulimwenguni. Mashua zikaongezeka mwaka kwa mwaka. Siku za joto, maelfu kwa maelfu ya watu walishuka pamoja pahali padogo. Palikuwa hapana nafasi ya kutandika taulo. Pwani ilijaa viti vya kukodisha. Chupa na karatasi zilipeperushwa na upepo. Miguu ilikanyaga mimea ya jabalini, na kelele za muziki zilifukuza utulivu.

Wananchi wengi wa Malta walinung'unika. Walisema: Pahali hapa ni petu sote, lakini sasa hapana raha kwa mtu yeyote. Mwaka 2022 baadhi yao walikwenda wenyewe kuviondoa viti vilivyofunika pwani.

Mwaka 2025 serikali ya Malta iliweka mpango mpya. Watu wasizidi 4,000 kwa wakati mmoja. Siku ikagawanywa mara tatu: tangu saa 2 ya asubuhi mpaka saa 7 mchana, tangu saa 7 na nusu mpaka saa 11 na nusu, na tangu saa 12 jioni mpaka saa 4 ya usiku. Anayetaka kwenda huomba nafasi yake mbele, bila kulipa, na akifika hufungwa utepe mkononi. Asiye na nafasi hungoja zamu nyingine.

Saa 7 inakaribia. Baba anamwita mtoto atoke majini.

— Baba, bado kidogo! Tumekuja mbali. Mimi mmoja nikibaki, nitaharibu nini?

— Wewe mmoja hutaharibu kitu, mwanangu. Lakini kila mtu hapa ni mmoja. Tazama kule.

Mtoto anatazama. Mashua nyingine inakuja. Mbele yake amesimama msichana wa umri wake, na kofia mkononi. Anayakodolea maji macho, kama mtoto mwenyewe alivyofanya asubuhi.

Mtoto anakaa kimya. Kisha anaokota kofia yake, anakunja taulo, na kutia mfukoni karatasi ya mkate. Karibu na mguu wake kuna chupa iliyoachwa na mtu mwingine. Anaitazama, kisha anaiokota nayo.

Wakati wa kurudi nahodha anapitisha mashua chini ya majabali, karibu na mapango yaliyochimbwa na mawimbi. Ndani ya mapango maji yanang'aa. Mtoto anaegemea bega la baba yake. Kabla ya kufika bandarini, amekwisha kulala.

9. Tukumbuke

Wahenga walisema: Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mmoja huchovya kidole, na wa pili, na wa tatu. Hakuna hata mmoja aliyekunywa buyu zima, lakini asali imekwisha. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu cha wote: laguni, ziwa, msitu, kisima. Wavuvi wa Tanganyika wanajua jambo hilo. Anayevua kwa nyavu zenye matundu madogo mno huchukua samaki wachanga, na mwaka unaofuata nyavu za wote hutoka tupu.

Kitu cha wote hudumu pale kila mtu anapochukua sehemu yake, akaondoka wakati wake, akaacha pahali safi kwa anayekuja nyuma.

Maulizo

1. Kwa nini bahari hii inaitwa Bahari ya Kati? Taja nchi tatu za Afrika zinazopakana nayo.
2. Kwa nini mtu huelea baharini kwa urahisi kuliko ziwani?
3. Taja maneno matatu ya lugha ya Malta yanayofanana na Kiswahili. Sababu ni nini?
4. Mnara wa Santa Maria ulijengwa mwaka gani, na kwa kazi gani?
5. Maji ya mkononi hayana rangi. Maji ya laguni ni ya buluu kwa sababu gani?
6. Eleza kwa nini mwogeleaji asipite kamba ya maboya.
7. Nanga hudhuru majani ya bahari namna gani? Madhara hayo huyafikiaje maji yenyewe?
8. Nahodha alikataa kuwapakia vijana wawili. Je, alifanya vizuri? Toa sababu.
9. Baba alisema: «Kila mtu hapa ni mmoja.» Alitaka kumfundisha mtoto nini?

Kazi ya kuandika

Fikiri kitu kimoja kinachotumiwa na watu wote wa kijiji chenu au mtaa wenu: kisima, mto, uwanja au njia. Andika mistari kumi. Eleza kinavyotumiwa, kinavyoharibiwa, na kila mmoja afanye nini ili kidumu.